Mipira ya Milango

Mwezi wa nane, Lubumbashi hupumua vumbi.
Nimekaa kwenye ngazi ya nyumba, Katuba,
mipira minne mipya imejikunja karaini
kama nyoka walioshiba,
na Landrova ya marehemu Kalenga
imefunguliwa milango yote,
inamsubiri daktari.

Daktari ni mimi.
Fundi Numbi alitaja franka za kunifilisi,
akaongeza, "Mama, kazi hii inataka uvumilivu."
Nikamwambia: uvumilivu ninao,
fedha ndizo sina.

Mipira ya zamani haikutoka kwa heri.
Ilikatika vipande vipande,
migumu kama ganda la mkate wa juzi,
na nyuma yake, katika mfereji wa bati,
nilikuta barabara zetu zote zimelala tabaka kwa tabaka:
juu wekundu wa Kasenga,
chini yake unga wa kijivu wa njia ya Likasi,
chini kabisa weusi wa makaa
tuliyobeba mwaka ule mishahara ilipokoma.
Na gamba moja la samaki, lingali likimeta.
Samahani, Kalenga.
Nilikwangua kwa bisibisi, nikapangusa kwa petroli,
mpaka bati likaona aibu.

Sasa sikiliza, wewe utakayelirithi gari hili:
mpira hauvutwi.
Ukiuvuta utakutii leo,
kesho utarudi kwao
na kukuachia pengo la kidole.
Anza pembeni. Pembe zikikaa, katikati hukaa,
usukume kwa kiganja, polepole,
kama unavyomvisha soksi mtoto aliyelala.
Gundi iwe nyembamba; ingoje mpaka inate
bila kulowesha kidole.
Na kiungo kiwe chini,
maji yasipate pa kuingilia.

Nilipomaliza, milango ilikataa kufungwa.
Nikabamiza, ikarudi.
Nikabamiza tena, kwa nyonga.
Mwewa, jirani, akachungulia juu ya ukuta:
"Leo unagombana na nani?"
Na mpira. Ni mgeni, haujajua nyumba.
Nikaifunga milango kwa kamba usiku kucha,
ijifunze.

Asubuhi nikabana karatasi mlangoni,
nikaivuta.
Ilichanika, haikutoka.
Nilikula bukari ya jana nimesimama,
kwa furaha.

Jumanne tukashika njia ya Kasenga,
mimi usukani, mama mkwe nyuma,
Mama Kapinga, katikati ya vikapu vitupu.
Lori likatupita, likaacha ukuta wa udongo hewani.
Tukaingia ndani yake.
Tukatokea upande wa pili,
na kitambaa changu cheupe
kilikuwa bado kitambaa cheupe.

Lakini ule upepo uliokuwa ukipiga mluzi mlangoni
haukuwapo tena.
Miaka kumi na mmoja mama huyu amesema nyuma yangu,
nami, kwa kelele zile, nimeitika tu "ee, mama",
nikidhani anasali,
au analalamikia mwendo.

Kumbe anahesabu madaraja.
Kila daraja na waliobeba mawe yake,
kila kona na mtu wake, na ng'ombe wake,
na deni ambalo halikulipwa.
Kwenye kichuguu kile kirefu akataja jina la mwanawe,
akasita,
kisha akasema, kama mtu anayesoma orodha,
"Na huyu anayeendesha sasa
ana mikono mizuri."

Sikuitika.
Nilirudisha gia ya pili ingawa hapakuwa na mlima.

Daraja lililofuata nikauliza,
bila kugeuka: "Na hili, mama, la nani?"
Akanyamaza kitambo kirefu.
Hakuzoea kusikika.