Ngazi ya Chini

Kwenye fomu ya kazi pana kisanduku: Ngazi yako.
Nikaandika: ya chini.
Dada wa Dar akapiga simu, akacheka kwa upole,
"Miaka tisa, Anaeli, na bado hujapanda?"

Nimepanda, dada. Nimepanda kwenda chini.
Wenzangu niliwaacha juu, kwenye vioo,
wakipaka vitufe rangi,
nikashuka chini ya picha, chini ya lugha,
hadi pasipo na neno ila ndiyo na hapana,
na umeme, ukipita au usipopita.

Ofisi yetu iko Moshi, juu ya duka la mabati.
Mabati yakishushwa meza hutikisika,
na waya niliouchomelea jana, mwembamba kama unywele,
huachia. Namlaani fundi. Fundi ni mimi.
Tunatengeneza mita za maji.
Ndani, gizani, kuna kitu kidogo kuliko kiberiti
kinachohesabu mizunguko ya kijigurudumu
mchana, usiku, Krismasi, msibani.
Kumbukumbu yake ni finyu:
shairi hili lisingeenea.

Mama huwaambia majirani natengeneza simu.
Wanamletea zao. Kioo kimepasuka, chaji haiingii.
Nimechoka kukataa. Jumapili baada ya ibada
nafungua simu za nusu ya Kiborloni
na malipo si haba: mkungu, mayai,
mara moja bata, aliyekataa kuchinjwa mpaka leo.

Dar wanatoa mara tatu.
Ni programu ya mikopo ya simu;
kazi yangu itakuwa kufanya neno Kubali ling'ae
zaidi ya maneno yaliyo chini yake.
"Kila mtu ataiona kazi yako," alisema dada.
Nami sikucheka. Mdogo wangu Ndeshi anaingia chuo Oktoba,
na ada haijui ngazi.
Shayo, tuliyekaa dawati moja, alikwenda. Ana gari.
Akinipigia, huwa saa nane usiku,
tunazungumzia bata.

Wiki hiyohiyo, huko Kibosho, mita ikamdai Mama Aikande
lita elfu sitini na tano, mia tano thelathini na tano.
Kwa usiku mmoja.
Mhasibu akasema labda anafuga samaki.
Mimi niliisoma namba ile nikaitambua
kama unavyotambua mlio wa lango la kwenu:
ni sifuri iliyotolewa moja,
ikakosa pa kushukia,
ikaruka hadi dari.
Bomba la juu lilipopasuka, maji yalirudi nyuma
hatua moja tu, na kijigurudumu nacho.
Mimi, miaka mitatu nyuma, sikuwaza
kwamba maji yanaweza kurudi.

Nikapanda kwa bodaboda. Mvua.
Nikapiga magoti kwenye tope la migomba,
kompyuta juu ya ndoo iliyofudikizwa,
waya ukiingia ukutani mwa mita.
Mama Aikande akashika mwavuli,
akaifunika kompyuta. Mimi niliachiwa mvua.
Mstari mmoja:
ukiwa sifuri, usipunguze.

"Umemaliza?"
Nimemaliza.
"Mbona hakuna kilichobadilika?"
Akafungua bomba, akajaza sufuria,
akainama kuitazama mita kwa jicho la mtu
aliyewahi kupunjwa kwenye mizani ya kahawa.
Moja. Mbili.
"Haya," akasema, akabandika chai.

Dada wa Dar nimemwomba wiki mbili.
Hakuuliza sababu, sikumweleza:
ziko mita mia nne zenye kosa lilelile,
na hazifikiki ila kwa miguu na waya,
Umbwe, Okaoni, Singa, mlango kwa mlango.
Fomu iko wazi mezani, kisanduku nimekifuta.
Ndeshi amenunua begi.

Nimefikisha kumi na moja.