Kidole cha Tatu

Mchana kutwa napima asali, Isevya.
Mizani ina mistari yake:
mshale ukizidi, napunguza; ukipungua, naongeza kijiko,
na mrina asali wa Sikonge hana la kusema.

Jioni nashika fidla, na hapo sina mstari.
Gitaa la jirani lina vyuma shingoni
kama reli na mataruma yake: bonyeza popote
kati ya chuma na chuma, treni itafika.
Shingo hii ni mbao tupu, nyeusi, laini,
barabara ya Ipole usiku, bila kibao hata kimoja.

Nyamizi, mwalimu wangu, ana miaka kumi na tisa.
Mimi nina arobaini na sita
na vidole vilivyozoea kufungua madumu.
Alinibandikia vipande vitatu vya plasta
pale vidole vinapotua. Wiki ya pili akavibandua.
"Lilikuwa linapiga jicho," alisema.
"Sasa na sikio lifanye kazi."

"Umezidi."
"Bado."
"Unywele mmoja chini."
Unywele! Mimi ninayeuza kwa kilo.

Nyuma ya nyumba yetu, Kanyenye, kuna transfoma.
Inanguruma usiku kucha, sauti moja, mmmm;
mke wangu ameishailalamikia hadi kwa meneja.
Mimi nikaifanya mwalimu wa siri.
Nilikaza uzi mnene taratibu
mpaka ule ugomvi kati yao, wa-wa-wa-wa,
ukapoa, wa... wa...
ukalala.

Alhamisi umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna, kisha kimya,
kimya ambacho sijapata kukisikia nyumbani kwangu.
Nikaweka kidole cha tatu kwenye uzi unaofuata.
Paka kakanyagwa mkia.
Nikasogeza. Bado.
Safari hii sikukisogeza, nilikiegemeza tu,
kama mtu anayegeuza shavu juu ya mto,
na ule uzi mnene, ambao sikuugusa,
ukatetemeka wenyewe.
Sikuuona, giza lilikuwa giza.
Niliusikia kwenye mfupa wa taya.

Nikainua kidole, nikakirudisha: nimekosa.
Nikakirudisha: nimekosa.
"Umevunja nini huko?" mke wangu akauliza.
Mara ya saba ukaitika.

Saa nne umeme ukarudi,
watoto wakashangilia, transfoma ikaanza tena,
nami nikasimama na upinde mkononi:
iko juu.
Unywele mmoja.
Pengine nusu.