Kiporo cha Jumatatu

Jumapili nyama ilikuwa na heshima zake:
paja zima la kondoo kwenye sinia la maua ya buluu,
baba kavaa koti, ananoa kisu
kama mtu anayekohoa kabla ya hotuba.

Jumatatu ilikuwa kiporo.
Mama alifunga mashine ya kusagia ukingoni mwa meza,
skrubu ikauma mbao palepale ilipouma enzi za bibi,
nami nikazungusha mpini
mpaka nyama ya jana ikatoka minyoominyoo,
haina tena mfupa wala cheo.
Kitunguu. Karoti. Mchuzi ulioganda usiku.
Matone manne ya ile sosi nyeusi ya chupa;
la tano, alisema mama, ni majivuno.
Juu yake viazi, vimepondwa kwa siagi
hadi vikasahau kwamba vilitoka udongoni,
kisha uma ukapita ukivichora matuta:
kilima chetu cha Skelgarth, Januari,
theluji juu, uhai chini.

Tuliiita pai ya mchungaji.
Mchungaji wa kondoo, si yule wa mimbari,
ingawa kasisi Ormerod naye alipita "kwa bahati tu"
kila Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu.
Ya ng'ombe ina jina lake, pai ya kibanda.
Shangazi Nan, mtu wa mjini, aliapa hazina tofauti.
Baba aliweka uma chini.
"Mchungaji hachungi ng'ombe," akasema,
na hiyo ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote niliyowahi kuisikia.

Kisha ukaja mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo.
Watu wa ovaroli nyeupe walifungua lango wenyewe.
Kondoo mia tatu na kumi na wawili,
na Floss, mbwa wetu, akakaa uani siku nzima
akisubiri aitwe kazini.
Moshi ulichukua siku tatu kuondoka bondeni.
Mama alifua mapazia, akayafua tena.

Jumapili ile hapakuwa na paja.
Jumatatu nilimwona mama kasimama mbele ya jiko,
mikono kwenye aproni, muda mrefu.
Akatia dengu.
Viazi juu, matuta yaleyale, matone manne.
Baba alikula. Akakomba sahani kwa mkate.
"Asante, Doreen," akasema,
akatoka kwenda kukagua malisho
ambayo hayakuwa na cha kukaguliwa.

Dengu, miaka miwili.
Hata kondoo wapya walipokuja,
wageni, hawajui njia za mlima,
ilikuwa dengu.
Hadi Jumatatu moja ya Novemba
baba, asiyewahi kuchemsha hata yai,
aliingia na kifurushi cha bucha.
Nyama ya kondoo, ya kununua, kwa fedha taslimu!
Akafunga mashine mwenyewe, kombo,
akazungusha mpini bila kuvua kofia.
Mama akamwachia.
Chumvi ilizidi. Tulikula tukanywa maji mengi.

Sasa naishi Leeds, ghorofa ya saba,
na nyama yangu huja imesagwa tayari
ndani ya trei yenye kibandiko cha bei.
Tamsin, binti yangu, huuliza
kwa nini tusinunue ile ya boksi,
dakika sita na kengele inalia.
Sina jibu la maana.
Namwambia: ukoko.
Hakuna boksi linalotoa ukoko,
ile kingo ya kahawia ambapo mchuzi umepanda,
umebubujika, umeng'ang'ania bakuli
kama mtu anayekataa kuhama.
Pembe ya kulia, iliyoungua zaidi, ilikuwa ya baba.
Hakuna aliyempangia; ilijulikana tu.
Mpaka leo naiunguza makusudi,
naiacha, nazungukia upande mwingine.

Jana niligeuka kuchukua njegere.
Niliporudi, pembe haipo.
Tamsin anatafuna,
macho dirishani,
kijiko bado kina moshi.