Namba Kumi

Jumapili, alasiri imeshaswaliwa,
tumekaa nyuma ya gereji ya Nnunduma, Mikindani,
juu ya rimu zilizopinda,
kama wenye hisa.
Hakuna aliyeleta gari kutengeneza.

Leo tuna hoja ya upepo.
Hokororo anasema thelathini na tano,
mbele na nyuma, hasa ukipakia mtu.
Ausi anasema thelathini na mbili, basi:
jua la huku nalo ni pampu,
hizo tatu anajazia Mungu.

Tunamsikia Dadi kabla hatujamwona.
Bomba la Subaru yake linakohoa tangu kwenye kona.
Mnada wa tatu wa korosho umelipa,
na yeye kakanyagia malipo yote:
matairi manne, ubavu mwembamba kama ufito,
yamepakwa dawa, yanang'aa
weusi wa kiatu cha siku ya Idi.
Anazima injini. Anatungoja tusifu.

Tunasifu.

Ila Somoe, mwalimu wa fizikia,
mwenye Selika iliyowazidi umri wanafunzi wake,
anachuchumaa, analowesha kidole mate,
anasugua ubavuni mpaka tarakimu nne zinatoka.
Moja, moja, sifuri, tisa.
"Juma la kumi na moja, elfu mbili na tisa.
Dadi, juma hilo ulikuwa darasa la tano."

"Kipya kinyemi," anasema Ausi,
na hamalizii.

"Lakini hayajakanyaga barabara!
Yalikuwa stoo, kwenye nailoni!"
"Mpira unazeeka hata ukilala," anasema Somoe,
na sijui kwa nini alinitazama mimi.

Najua kwa nini.
Altezza yangu iko pale ukutani, juu ya mawe manne,
tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Kuku wa Nnunduma ametamia chini ya giaboksi,
na mimi nimekatazwa kupiga honi.

Ila vifaa ninavyo.
Spana kuanzia sita hadi thelathini na mbili,
jeki ya majimaji, tani mbili, haivuji,
na toki renchi inayolia *ka!* nati ikitosha,
sauti moja tu, kama mtu aliyeridhika.
Wote wenye magari yanayotembea
hukopa kwangu.

"Nipe namba kumi, nibane betri," anasema Hokororo.

Namba kumi haipo.
Ninazo kumi na mbili tatu,
ninayo kumi na moja ambayo hakuna aliyewahi kuiomba.
Wanacheka: mali bila daftari.
Lakini daftari lipo, nalifungua, nawasomea:
*Namba kumi. Likapa. Atarudisha kesho.*
Kesho hiyo ina miaka minne.
Likapa yuko Songea, anauza vioo.
Hupiga simu sikukuu zikifika,
anauliza hali ya gari, anauliza kuku,
spana haigusi, nami simkumbushi.
Siku akiirudisha
nitakuwa sina la kumngojea.

Jua linapopoa wanataka kona za mlimani.
Nakaza nati za Dadi mwenyewe,
juu, chini, kulia, kushoto,
usifuate duara, rimu itakaa upande.
*Ka. Ka. Ka. Ka.*
Somoe anamwambia: sitini, usizidishe,
mpaka utakapopata mengine.
Dadi anaitikia kama mtoto wa darasa la tano.

Wanaondoka. Vumbi linabaki na mimi.
Nahesabu spana, nazifuta mafuta,
naacha pengo la namba kumi lilivyo.

Simu inaita. Dadi, upepo unamvuma mdomoni:
"Kaka, ulisema ngapi?"
Sikusema. Hakuna aliyeniuliza.
"Thelathini na mbili," namjibu.

Kisha naenda ukutani, polepole, kuku asishtuke,
nachuchumaa mbele ya tairi langu la kushoto,
nalowesha kidole.