Miti Miwili kwenye Fomu

Mvua ya saa nane ilikuwa imeshateka bati lote
alipoingia bwana anayeuza misumeno barabara ya Mumias,
mkewe Khavere nyuma yake, mtoto mgongoni,
siku kumi na nne duniani na bado hana karatasi.

Nikauliza ninavyowauliza wote:
jina la kwanza?
Akasema, Lin.
Na la ukoo?
Akasema, ndilo hilo. La kwanza ni la ukoo.

Nikaweka kalamu chini.
Kumbe kwao ukoo hutangulia
kama ng'ombe mwenye kengele,
mtu mwenyewe akafuata, akikanyaga palipokwisha kanyagwa.
Fomu ya Serikali huuweka mkiani,
baada ya ubatizo, baada ya babu,
kwenye kisanduku kinachobanwa na muhuri.

Lina maana?
Akaichukua kalamu yangu, ile iliyofungwa kwa uzi mezani,
akachora kiganjani mti.
Kando yake, mti wa pili.
Basi. Miti miwili, na tayari ni msitu.
Sisi wa Kakamega tunao msitu wa kweli,
una nyani, una wezi wa mkaa,
na sijawahi kumwona mtu akiutia mkononi.

Akasimulia kwa Kiswahili chake cha dukani, cha bei na dhamana:
zamani za wafalme, mjane mwenye mimba
aliwakimbia askari, akajifungulia msituni.
Mfalme mwingine alipokuja akasema,
mtoto na aitwe kwa mahali palipomficha.
"Au wanasema tu," akaongeza,
kama mtu anayepunguza bei kabla hajaombwa.

Wajukuu wakapanda meli.
Penang na Singapuri, wakaandikwa Lim.
Hong Kong, Lam.
Saigoni, Lam hiyohiyo, ila imevishwa kofia.
Java, Mholanzi akachomeka e, wakawa Liem.
Japani wanaichora miti ileile
lakini ukiisoma unasema Hayashi, na si ndugu.
Ana shangazi Manila. Ana binamu Peru, anakaanga kuku.

Nilijaribu kuiona hiyo bahari, sikuweza.
Niliona meza.
Meza baada ya meza, bandari baada ya bandari,
na nyuma ya kila meza mtu kama mimi,
saa yake ya chakula imepita,
anasikia nusu,
anaandika.

Babu yangu alikuwa Makhanu.
Karani wa vipande, mwaka ule walioteremka nzige,
akaandika Makanu.
Ile h ilibaki nje ya mlango wa boma,
na ukoo mzima tukaendelea na safari
tukiwa tumepungukiwa pumzi moja,
hadi kwenye beji hii kifuani pangu.

Mama yake Khavere, kimya tangu waingie,
mwavuli ukimchuruzikia viatuni,
akauliza kwa lugha ya nyumbani:
huo ukoo, mwiko wake ni nini? Hawagusi nini?
Khavere akatafsiri. Bwana akafikiri kwa bidii.
"Tunakula kila kitu."
Mama akaguna. Basi walau
wasingekuwa wanakata miti.
Hilo Khavere hakulitafsiri,
ila mumewe, mwenye unga wa mbao kwenye nyusi,
aliligeuzia dirisha uso.

Mtoto ataitwa Imali, la bibi mzaa bibi.
Nikaliandika bila kuuliza, hilo nalijua.
Kisha kile kisanduku cha mkiani:
nafasi ishirini na mbili, yeye anahitaji tatu,
na nyingine zote zibaki wazi
kama shamba lililofyekwa.

Nikainua kalamu. Juu, bati likazidi kunguruma.
Sema tena, nikamwambia.
Akasema.
Sema tena, bwana, polepole.
Mtoto akaamka, akaanza kulia,
nami nikanyoosha sikio juu ya meza
nikamwomba, mara ya tatu, aseme.