Deni la Pareto

Msinisomee jedwali la mabao.
Ligi ile mimi niliijua kwa soli.

Kibanda changu kilikuwa Bondeni, Nakuru,
nyuma ya bohari la reli,
na kila Jumatatu asubuhi mtoto wa mpishi
aliniletea gunia la viatu, jozi kumi na moja,
vimefungana kwa kamba zao kama samaki wa kuuza.

Tope jeusi likiwa limegandia:
wametoka Kisumu, mvua imewakuta.
Udongo mwekundu: Kakamega.
Vumbi jeupe, lile linalowasha macho:
walikuwa nyumbani, na upepo wa ziwani ulicheza namba kumi na mbili.
Sikuuliza matokeo.
Ncha ikichubuka, tulishambulia.
Kisigino kikilika, tulirudi nyuma siku nzima.

Nusu kazi, nusu mchezo, ndivyo walivyoandikwa.
Nabwera alipima magunia ya pareto hadi saa sita,
saa kumi yuko wingi ya kushoto
na unga wa maua bado umo nyusini.
Shilingi tatu kwa ushindi,
moja na nusu kwa sare,
ukifungwa, chai na mkate mkavu.
Kiptalam, golikipa wa Reli, hakutaka hata senti:
alipewa zamu ya mchana, usiku alale kwake.
"Nionyeshe timu inayolipa zaidi ya hapo," alinitania.

Kisha Bwana Noronha, karani wa ligi,
akaandika kwa wino mwekundu:
*Atakayecheza pekupeku, faini.*
Loo! Wiki ile niliitwa fundi, niliitwa mwizi.
Mguu wa Nabwera ulikulia mfinyanzi wa Butere,
mpana mbele kama jembe.
Hakuna kalibu iliyoukubali.
Nikachonga mpya kwa gogo la mkaratusi, usiku, kwa taa ya chemli,
na nilipompima niligundua jambo:
mguu wa kulia ulipungua urefu, unene wa kidole.
Nikamtilia kipande cha ngozi ndani.
Kocha hakujua. Noronha hakujua.
Uwanja mzima ulishangaa tu
jinsi mtu yule alivyoacha kuchechemea.

Mwenye kiwanda naye akakaa chini akahesabu
akaona goli haliongezi gunia.
Ukakatwa mkate kwanza.
Halafu nauli:
wakaenda Kisumu ndani ya behewa la mizigo,
wakateremka ndama za miguu zimekaza kama mbao,
wakafungwa sita na Bandari, na hakuna aliyewacheka.
Jumatatu moja gunia likaja na jozi saba.
Kisha nne.
Kisha halikuja gunia.

Alikuja Nabwera, viatu mkononi.
"Ng'oa njumu," akasema. "Nataka vya kazi."

Nikaingiza koleo.
Njumu sita kila kiatu, za ngozi, nilizozipigilia mwenyewe.
Misumari ililia.
Yeye alitazama nje, kwenye reli,
injini ilikuwa ikisukuma mabehewa huku na huko
bila kwenda popote.
Kipande cha ndani nilikiacha.
Sikumtoza.

Siku hizi vijana hunijia na vinasa sauti.
"Mzee Nandwa, bingwa wa mwaka ule alikuwa nani?"
Sijui.
Hukunja uso kidogo, kwa adabu.
Nawaonyesha kopo lenye njumu kumi na mbili,
wanalipiga picha, wanaaga.

Daftari langu siwaonyeshi.
Ukurasa wa mwisho: *Pareto, viatu, Sh. 11.*
Kiwanda kingalipo, lango limepakwa rangi mpya,
na watu husema dawa ya deni ni kulipa.
Nimepita pale mara nyingi, sikubisha hodi.
Wakinilipa itanibidi nipige mstari chini ya jina lao,
na mkono wangu, uliozipigilia njumu zile zote,
mstari huo hauutaki.