Dira

Saa nane usiku, Isevya, dira ya maji inazunguka
na nyumba nzima imelala.

Mabomba yote nimeyafunga:
la jikoni, la uani, la choo cha wageni
ambalo halikubali mpaka ulibane kwa koleo.
Kigurudumu chekundu kinazunguka tu.
Basi kuna mtu anakunywa, na si mimi.

Wiki nzima niliambiwa, sikusikia.
Rangi ya ukuta wa korido iliumuka kama unga wa maandazi.
Sisimizi walihama na mayai yao.
Ankara ikaja, elfu tisini na mbili,
nikamtukana msoma dira, kijana wa watu;
akaandika namba zake, akapanda baiskeli.

Sisi tulizoea ukame wa bomba.
Maji ya Igombe yalikuja kama mdaiwa,
usiku, kwa aibu, na rangi ya chai.
Sasa yamekuja ya Ziwa, ya mbali, yana ubavu,
na mabomba aliyolaza Kapela mwaka tuliooana
hayakufundishwa kustahimili neema.

Pwaa.

Kama mtu kapigwa kofi gizani.
Korido ikawa mto.

Mama Ngassa juu ya ukuta wa jirani:
Umeme kwanza! Zima umeme, wewe!
Nazima. Maji yalibakiza vidole viwili
kufika soketi ya friji.
Sasa koki kuu. Iko wapi koki kuu?

Kapela alijua. Aliifukia mwenyewe,
akanielekeza siku moja nikisonga ugali,
nikasema, "Ehe."
Mwaka wa nne huu yuko makaburini,
na ile ehe yangu iko hapa
imeshika tochi ya simu, imelowa hadi magotini.

Nachimba penye dira: mawe.
Nachimba penye mpapai: mizizi,
na kijiko cha chai, kile chenye ua mpinini,
tulichomfukuzia kazi Nyamizi.

Nasimama nacho kidogo.
Maji hayasubiri.

Iko chini ya jiwe ninalosugulia miguu kila jioni.
Kaivika grisi, kaifunga mpira wa tyubu ya baiskeli
mafundo matatu, kama alivyofunga kila kitu.
Nafungua kwa meno.
Kulia. Kulia tena. Ikalia, ikageuka.

Nikafungua bomba la uani, likakohoa yaliyobaki,
kigurudumu kikasita,
kikasimama.

Asubuhi fundi Mihayo anavunja ukuta, anadai elbo mbili
na tepu, na chai.
Nampigisha magoti binti yangu penye jiwe,
naushika mkono wake mpaka uguse chuma.
"Ehe," anasema, macho kwenye simu.
Namwambia: rudia, taja ni wapi.

Kijiko nimekiosha. Kiko mezani.
Tangu saa moja nauliza huku na huku
nani anajua Nyamizi aliolewa wapi.